Nakala Nyingine Iko kwa Nani?

Nilikuwa nimeahidi makala ya kuonyesha jinsi ya kufunga diski ya kompyuta ili mwizi asiweze kuisoma, na itakuja. Lakini kwanza nivumilieni niwarudishe nyuma kidogo, tena nyuma sana, kwa sababu kuna swali nililisikia likiulizwa ambalo limenikaa kichwani miaka hii yote.

Ilikuwa mwezi wa nne mwaka 2019, wakati wa usajili wa Huduma Namba. Nilimpeleka babu yangu kwenye kituo cha usajili kule kwetu Runyenjes, Embu. Mzee alikuwa amekaribia miaka tisini, anatembea kwa bakora, lakini kichwa kilikuwa kizima kabisa. Kijana wa usajili alikuwa na kile kifaa cha kupiga picha na kuchukua alama za vidole, na alikuwa na adabu sana. "Guka, weka kidole hapa." Babu akakitazama kile kioo, akamtazama kijana, akauliza: "Nakala nyingine iko kwa nani?"

Kijana hakuelewa. Akasema inakwenda Nairobi, kwa serikali. Babu akajibu, "Hata ile ya kwanza ilikuwa Nairobi." Kisha akaweka vidole vyake vyote kumi, akainuka, tukaenda kunywa chai.

Niliona aibu kidogo, nakiri. Mimi ndiye mwandika programu wa ukoo, ndiye ninayepigiwa simu mtandao ukigoma, na nilidhani mzee anazungumza mambo ya uzee. Alifariki mwaka 2022. Tulipofungua sanduku lake la bati, chini ya stakabadhi za kahawa za miaka na miaka, tukakuta kitabu kidogo kilichochakaa chenye jina lake, wilaya yake, na mihuri ya ruhusa za safari. Hapo ndipo swali lilipoanza kunieleweka. Nimekuwa nikisoma historia hii tangu siku hiyo, na leo nataka niisimulie kwa jicho la mtu wa kompyuta, kwa sababu mambo tunayohangaika nayo kwenye simu zetu yaliwahi kufanywa hapa hapa kwa karatasi, wino na gunia.

Tuanze na kipande. Sheria ya kuwasajili Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, lakini Vita vya Kwanza vya Dunia viliichelewesha, ikaanza kutekelezwa kati ya 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alitakiwa kuwa na karatasi yenye jina lake, kabila lake, anakotoka, alama za vidole vyake, na orodha ya waajiri wake: aliajiriwa lini, kwa mshahara gani, ameachishwa lini. Karatasi hiyo iliwekwa ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inizwa shingoni kwa kamba. Watu wakakiita mbugi, yaani kengele ya mbuzi, na hilo jina linatosha kukueleza walivyojisikia. Harry Thuku alipoanza kuwakusanya watu Nairobi mwaka 1921 na 1922, kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko makubwa. Alipokamatwa, umati uliokusanyika kudai aachiliwe ulimiminiwa risasi, tarehe 16 Machi 1922.

Sasa angalia muundo wake kama mtu wa programu. Kikopo cha shingoni kilikuwa nusu tu ya mfumo. Nusu ya pili ilikuwa ofisi ya usajili Nairobi, ambako alama za vidole zilipangwa ili mtu aliyetoroka shamba la mlowezi kule Nanyuki aweze kutambuliwa hata akibadilisha jina na kuomba kazi Thika. Njia ya kupanga alama za vidole kwa mafungu, ili uweze kutafuta moja kati ya maelfu bila kuzipitia zote, ilikuwa imebuniwa India chini ya Edward Henry miaka ya 1890. Kwa lugha yetu, huo ni utafutaji wenye faharasa, miongo mingi kabla ya kompyuta. Ukitupa kikopo mtoni, rekodi bado ipo. Ndiyo maana babu hakuuliza kuhusu kile kifaa kilichokuwa mbele yake.

(Kwa kumbukumbu: mwaka 1947 ililetwa sheria ya kuwasajili watu wa rangi zote, na walowezi wakapiga kelele kubwa kuhusu kuchukuliwa alama za vidole. Walikuwa wameuona utaratibu huo ni mzuri kwa miaka karibu thelathini, mpaka ulipofika kwao. Na wanawake Wakenya hawakuingizwa kwenye sheria ya vitambulisho mpaka ilipobadilishwa mwaka 1978. Hata leo mzee wa kijijini akikuomba kitambulisho atakwambia "leta kipande".)

Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring akatangaza Hali ya Hatari. Hapa ndipo Embu na Meru zinapoingia kwa jina. Serikali ya kikoloni iliwaweka Wakikuyu, Waembu na Wameru katika fungu moja la washukiwa, na katika nyaraka zake fungu hilo likapewa herufi tatu: KEM. Watu wa KEM wakapewa kitabu chao maalumu cha pasi, kile nilichokikuta sandukuni. Mkamba au Mluo hakuhitaji kitabu hicho. Wewe wa Runyenjes au wa Nkubu ulihitaji, na usipokuwa na muhuri sahihi ulikuwa na kesi, hata kama hujawahi kuliona kundi la msituni kwa macho.

Babu alikuwa Nairobi, anafanya kazi ya kupakua mizigo, asubuhi ya tarehe 24 Aprili 1954 ilipoanza Operesheni Anvil. Askari na polisi zaidi ya 20,000 chini ya Jenerali George Erskine waliuzingira mji, wakaupekua mtaa kwa mtaa. Hatua ya kwanza ilikuwa kuchuja: wa KEM upande huu, wengine upande ule, wengine wakaachiliwa. Waliobaki wakapitishwa mbele ya watu waliovikwa magunia yenye matundu ya macho. Hao ndio gakunia, vigunia. Gakunia akitikisa kichwa hivi, unaachiliwa. Akitikisa vile, unapanda lori. Watu zaidi ya 20,000 waliwekwa kizuizini kutokana na operesheni hiyo, wengi wakipelekwa Lang'ata, Mackinnon Road na Manyani. Babu alipelekwa Manyani. Hakuwahi kujua ni nani alikuwa ndani ya gunia, na alipokuwa hai sikuwahi kumsikia akikisia jina.

Huko kambini kila mtu alipewa rangi. Weupe walihesabiwa kuwa hawana hatia au wamekwisha "kusafishwa", wa kijivu walikuwa njiani, weusi walikuwa sugu. Rangi hiyo iliamua unalala kambi gani, unafanya kazi gani, na unakaribia nyumbani au unazidi kwenda mbali. Wengi walirudishwa kupitia kambi za Mwea, ambayo wakati huo ilikuwa ndani ya Wilaya ya Embu, ambako mashamba ya mpunga ya Mwea-Tebere yalichimbwa kwa mikono ya wafungwa hao. Kama umekula pishori ya Mwea, umeshakutana na historia hii. Lakini jambo linalonishtua mimi ni lile fungu. Mtu hakuonyeshwa faili lake. Hakuweza kusahihisha kosa. Jina la mtu mwingine likifanana na lako, rangi yake inakuwa yako.

Na rangi hizo hazikubaki kambini. Uchaguzi wa kwanza wa Waafrika kuingia Baraza la Kutunga Sheria ulifanyika Machi 1957. Katika Mkoa wa Kati, ambao wakati huo uliijumuisha Embu na Meru, mtu wa KEM hakupiga kura mpaka awe na hati ya uaminifu, yaani serikali iwe imekagua na kuridhika kwamba hakuwa upande wa Mau Mau. Matokeo yake, Wakikuyu wengi walifungiwa nje, Wameru wakawa na uzito mkubwa kuliko idadi yao, na Bernard Mate wa Meru akamshinda Eliud Mathu aliyekuwa mwanasiasa mkongwe. Sisemi Mate hakustahili. Ninasema orodha iliyotengenezwa kwa ajili ya usalama ilikuja kuamua nani anawakilisha watu bungeni.

Ukidhani hayo yamepitwa na wakati, kumbuka Juni 2021. Ofisi ya Msajili wa Vyama vya Siasa ilipowezesha watu kuangalia uanachama wao kwenye mtandao, Wakenya wengi wakajikuta ni wanachama wa vyama ambavyo hawajawahi kujiunga navyo. Namba zao za vitambulisho zilikuwa zimetoka mahali fulani. Malalamiko zaidi ya 200 yalifika kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Watu wakaanza kutazama kwa jicho jipya kile kitabu cha wageni kinachokaa kwa askari wa kila jengo, ambamo tunaandika jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu na sahihi, tena chini ya majina ya watu kumi waliotutangulia ambayo tunaweza kuyasoma yote. Mimi sasa kwenye kitabu hicho naandika jina na saa, nikiulizwa zaidi nauliza kwa nini. Mara nyingi askari hajali. Ni mazoea tu.

Turudi msituni, maana kuna somo la kiufundi huko ambalo nalipenda kuliko yote.

Wapiganaji wa Mlima Kenya walikuwa na mtandao wao. Wanawake walibeba chakula, dawa, risasi na barua. Barua ziliachwa kwenye mashimo ya miti. Kule Nyandarua kuna mugumo unaojulikana hadi leo kama posta ya Kimathi. Walikuwa na kiapo, maneno ya kutambuana, maswali na majibu. Ukiyatazama kiufundi, hizo zilikuwa nywila (au pasiwedi, kama tunavyosema saiba) na zilikuwa nzuri. Hazikuvunjwa kwa kukisia.

Zilivunjwa kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kumkamata mtu anayejua mengi. Waruhiu Itote, Jenerali China, aliyeongoza vikosi vya Mlima Kenya, alijeruhiwa na kukamatwa tarehe 15 Januari 1954. Alihojiwa na Ian Henderson wa Tawi Maalumu la polisi, Mzungu aliyekulia Kenya na kuzungumza Kikuyu kama mwenyeji. Ripoti ya mahojiano yale ikawapa Waingereza picha ya muundo wa jeshi la mlimani: nani anaongoza nini, wako wangapi, wanapata wapi mahitaji. Simlaumu China hata kidogo. Alikuwa na jeraha la risasi na hukumu ya kifo mbele yake. Tatizo lilikuwa kwamba mtu mmoja alibeba ramani nzima kichwani.

Leo tunabeba ramani nzima mfukoni. Simu yako ina barua pepe, M-Pesa, picha za kitambulisho, makundi ya WhatsApp ya ukoo na ya chama, na mahali ulipokuwa kila siku ya mwaka. Na kukamatwa kwa simu si jambo la kubuni. Mei 2025 watengenezaji wa filamu walikamatwa Nairobi, vifaa vyao vikakaa mikononi mwa polisi mpaka Julai. Baadaye, Septemba 2025, wataalamu wa Citizen Lab ya Chuo Kikuu cha Toronto walieleza kwamba katika simu mbili walikuta FlexiSPY, programu ya ujasusi inayouzwa kwa yeyote mwenye pesa, na kwamba iliwekwa wakati simu hizo zilikuwa nje ya mikono ya wenyewe. Kwa hiyo simu iliyotoka kwako ikarudi, iwe ilikwenda kwa polisi, kwa fundi usiyemjua au kwa mpenzi mwenye wivu, usiirudishie imani yako upesi. Hamisha picha zako, ifute yote iwe kama ilivyotoka dukani, badilisha nywila kutoka kifaa kingine. Na kama mambo ni mazito, usiifute kwanza. Wapelekee wataalamu, kwa sababu ukifuta umefuta na ushahidi.

(Kidokezo kimoja cha bure: simu ikizimwa na kuwashwa upya, hudai namba ya siri kabla ya kukubali kidole au uso. Ukiona unaingia mahali pabaya, izime. Kidole mtu anaweza kukushika na kukibandika. Namba ya kichwani ni kazi zaidi.)

Njia ya pili ilikuwa ya ujanja zaidi. Ofisa kijana wa ujasusi wa jeshi, Frank Kitson, alikuza mbinu ya makundi bandia, na baadaye akaiandikia kitabu, mwaka 1960. Waliochukuliwa msituni na kugeuzwa walichanganywa na askari waliovaa kama wapiganaji. Wanafika nyumbani usiku, wanajua salamu, wanajua nyimbo, wanajua majina ya viongozi. Wanaomba chakula na habari. Mama anawapa, kwa sababu kila alama ya kutambuana iko sawa. Asubuhi lori limesimama mlangoni.

Sijapata maelezo bora ya ulaghai wa mtandaoni kuliko hayo. Mtu anakupigia, anakutaja majina yako matatu, anajua namba ya kitambulisho chako, anajua ulitumiwa pesa jana. Kila alama iko sawa. Anasema yeye ni wa huduma kwa wateja, anataka tu usome ile namba iliyoingia sasa hivi kwenye ujumbe. Ukimsomea, umemfungulia mlango kwa mkono wako. Au hakupigii kabisa: anakwenda na maelezo yako, anapata laini mpya yenye namba yako, simu yako inapoteza mtandao ghafla ukiwa shambani, na unapofika mjini akaunti imekwisha kupanguswa. Safaricom wanasema wanapiga kwa namba moja tu, 0722 000 000. Nyingine yoyote ikate. Ukiwa na laini yao, piga *100*100# kuzuia laini yako isibadilishwe kwa wakala, na *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Nilipompigia mama yangu *106# nilikuta laini moja ambayo hakuna mtu nyumbani anayeijua.

Henderson, kwa njia, hakuishia Kenya. Alifukuzwa nchini mwaka 1964, na kuanzia 1966 akaongoza usalama wa ndani wa Bahrain kwa miaka karibu thelathini. Ujuzi huu huwa haustaafu. Hutafuta mwajiri mwingine. Na Kitson alipanda cheo hadi jenerali. Upande wa pili, Musa Mwariama wa Meru hakukamatwa mpaka uhuru ulipokuja Desemba 1963, akatoka msituni kwa miguu yake.

Sasa, nakala.

Babu aliuliza iko kwa nani, na jibu lake lilichukua nusu karne kupatikana. Mwaka 1961, uhuru ukiwa unakaribia, Wizara ya Makoloni ya Uingereza ilielekeza kwamba nyaraka zinazoweza kuiaibisha serikali, au kuwafichua watoa habari wa polisi, zisirithishwe kwa serikali mpya. Kenya ikabuni mfumo wa haki za kufikia ambao ungeweza kuandikwa kwenye programu leo. Nyaraka za siri zilipigwa muhuri wa kuzitenga, na sharti likawa kwamba atakayezishika awe raia wa Uingereza mwenye asili ya Ulaya. Mengine yote yakaitwa urithi, yakaachwa. Faili likiondolewa na pengo likawa linaonekana, ziliwekwa nyaraka za kuzugia mahali pake. Yaliyofutwa yalichomwa, na maagizo yakasema majivu yapondwe. Kwa yale yasiyochomeka kulikuwa na ruhusa ya kuyazamisha baharini ndani ya masanduku yenye uzito, mahali penye kina kirefu pasipo na mkondo.

Mengine yalipandishwa ndege. Faili 1,500 hivi za Kenya zilikaa zimefichwa Uingereza, mwishowe katika jengo la serikali la Hanslope Park, mpaka mwaka 2011 wazee wa Kenya walioishtaki serikali ya Uingereza mjini London walipolazimisha zitajwe. Tarehe 6 Juni 2013 waziri William Hague alisimama bungeni na kutangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Babu hakuwa miongoni mwao. Alisikiliza habari hiyo redioni, akaomba tubadilishe stesheni.

Kwa hiyo wale walioandikwa hawakuwahi kujua kilichoandikwa, na walioandika walichagua kipi kiungue na kipi kisafiri.

Nimefika mahali ambapo ningependa kuishia, lakini haitakuwa haki.

Mwaka 2009 niliandika programu kwa chama kimoja cha akiba na mikopo katika mkoa wetu; jina nitaliacha. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza kubwa na nilijivunia sana. Majina ya wanachama 1,400, namba za vitambulisho, namba za simu, picha, warithi wao, salio. Nilikuwa nikiijaribu nyumbani kwa data halisi kwa sababu kutengeneza data ya uongo kulinichosha. Mwaka 2011 nilikuwa kwenye matatu kutoka Nairobi, tukasimama Makutano, nikanunua ndizi dirishani, na nilipoinama mkoba ulikuwa hauko. Ndani yake kulikuwa na kompyuta ya mkononi yenye hifadhidata yote.

Nilijituliza kwamba ina nywila. Hapa ndipo wengi wenu mnapodanganyika kama mimi. Nywila ya kuingilia Windows ililinda mlango wa mbele tu. Diski yenyewe haikuwa imesimbwa, na mtu yeyote mwenye bisibisi angeweza kuichomoa, kuiunganisha na mashine nyingine, na kusoma kila kitu kama gazeti. Kuisimba diski ni kuigeuza data yote kuwa vurugu isiyosomeka bila ufunguo. Ni kazi ya saa chache, na haikunigharimu chochote nilipokuja kuifanya baadaye.

Nilimwambia mwenyekiti. Akafikiri, akasema tusiwatie watu hofu. Nikakubali haraka kuliko nilivyopaswa. Miezi michache baadaye wanachama kadhaa walianza kupigiwa simu na watu waliojua majina yao matatu na namba zao. Mama mmoja, anayekaa benchi moja na mama yangu kanisani, alituma shilingi 14,000. Sina ushahidi kwamba ilitokana na mkoba wangu. Sina ushahidi kwamba haikutokana nao. Sikumwambia.

Nakala nyingine ilikuwa kwangu, chini ya kiti cha matatu.

Wakati ule hakukuwa na sheria ya kunilazimisha kusema. Sasa ipo: Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeshika data amjulishe Kamishna ndani ya saa 72 baada ya kugundua uvujaji wa namna hiyo, na wenye data pia waambiwe. Inakupa pia haki ya kuuliza wana nini juu yako, kusahihisha, na kudai kufutiwa. Mahakama zimeanza kuitumia kwa meno. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilibatilisha utoaji wa kadi za Huduma kwa sababu athari kwa data za watu hazikutathminiwa kwanza, na tayari Januari 2020 majaji watatu walikuwa wamekataa kuchukuliwa kwa vinasaba na mahali mtu anapoishi kwa GPS. Na Worldcoin, waliowapanga Wakenya foleni mwaka 2023 wapigwe picha ya mboni ya jicho kwa kama shilingi 7,000, waliamriwa na Mahakama Kuu Mei 2025 kufuta data hizo. Nywila ikivuja unabadilisha. Jicho utabadilisha na nini? Nadhani wale wa mwaka 1920 waliojua kwamba kidole hakibadiliki ndio walioijibu hoja hii mapema, kwa maslahi yao.

Mwaka jana nilirudi kwenye kile chama. Uongozi ni mwingine. Programu yangu bado inafanya kazi, Mungu wangu, kwenye mashine ile ile ya kona. Nilikaa siku tatu: nikaisimba diski, nikaondoa picha na namba za watu waliokwisha kufariki au kujitoa, nikawaonyesha wahasibu wawili jinsi ya kutumia programu ya kutunza nywila badala ya karatasi iliyobandikwa kwenye kioo, na jinsi ya kuweka hatua ya pili ya kuingilia kwa programu inayotoa namba kwenye simu badala ya ujumbe mfupi, ili hata laini ikiibwa namba hizo zisiende na laini. Tulianza na barua pepe ya ofisi, kwa sababu akaunti zote nyingine hurudishwa kupitia hiyo. Sikulipwa na sikuomba. Siku ya nne nilikwenda kwa yule mama wa kanisani nikamweleza yote. Alininyamazia kwa muda, kisha akaniuliza kama nimekula.

Kitabu cha babu bado kiko sandukuni. Binamu yangu aliye Doha aliomba nikipige picha nikiweke kwenye kundi la familia. Nilikipiga, kurasa mbili, namba nimeifunika kwa kidole gumba. Wiki ijayo tutaisimba diski yako, uandae tu kompyuta yenye chaji na uwe umeweka nakala ya faili zako kwanza.